Simba au Yanga msimu ujao? Muuza jezi asibashiri kwa moyo

Kila mwaka, ligi inapomalizika na kabla nyingine haijaanza, Kariakoo huwa na mabingwa wawili wa msimu ujao. Katika Mtaa wa Msimbazi, lilipo jengo la Klabu ya Simba, bingwa ameshajulikana. Katika Mitaa ya Twiga na Jangwani, yalipo makao makuu ya Yanga, bingwa pia ameshajulikana, ila ni mwingine. Kutoka jengo moja hadi lingine ni mwendo wa miguu tu, na jirani na hapo ndipo yalipo maduka ya jumla ambako wafanyabiashara wa Mbeya, Songea, Mwanza, Mtwara na hata wa nchi jirani hufuata bidhaa.

Ubishi huo ni burudani kwa shabiki. Akikosea, atataniwa kijiweni wiki mbili, kisha maisha yataendelea. Kwa muuza jezi mambo ni tofauti. Yeye hubashiri kwa fedha, tena mara nyingi fedha za mkopo wa VICOBA au Saccos. Akijaza duka rangi nyekundu na mwaka ukawa wa kijani na njano, marobota yatabaki dukani huku rejesho la mkopo likiendelea kudaiwa kila mwezi. Jezi yenyewe haivumilii kukaa, kwa kuwa kila msimu klabu hizi hutoa toleo jipya, na la zamani hushuka bei siku hiyo hiyo.

Swali la nani atakuwa bingwa kwa hiyo ni swali la biashara kama yalivyo maswali ya bei ya mahindi au ya vitunguu. Linaweza kujibiwa kwa kupiga hesabu, ingawa si kwa uhakika kamili. Ajabu ni kwamba hesabu hiyo hiyo inamwonyesha mfanyabiashara kuwa kumjua bingwa si jambo la kwanza analolihitaji.

Daftari la misimu 18

Mkulima makini huwa na kumbukumbu za mvua. Muuza jezi naye anapaswa kuwa na kumbukumbu za ligi. Tukianzia msimu wa 2007/08 hadi ule wa 2024/25, tunapata misimu 18. Katika hiyo Yanga ilitwaa ubingwa mara 11, Simba mara sita na Azam mara moja, mwaka 2014.

Anayesoma hesabu hiyo harakaharaka ataona kuwa ukiweka fedha kwa Yanga kila mwaka utakuwa salama. Lakini mpangilio wa miaka unaeleza zaidi kuliko jumla yake. Kuanzia msimu wa 2009/10 hadi 2014/15, misimu sita mfululizo, hakuna bingwa hata mmoja aliyetetea taji lake. Simba ilitwaa mwaka 2010 bila kufungwa mchezo hata mmoja, Yanga ikatwaa 2011, Simba 2012, Yanga 2013, Azam ikatwaa 2014 nayo bila kufungwa, na Yanga ikarudi 2015. Katika miaka hiyo, mtu aliyesema "bingwa wa mwaka jana ndiye wa mwaka huu" alikosea kila mara.

Baada ya hapo mambo yakageuka. Yanga ilitetea taji mwaka 2016 na 2017. Simba ikashika usukani kwa misimu minne mfululizo, kuanzia 2017/18 hadi 2020/21. Kisha Yanga ikatwaa misimu minne mfululizo, kuanzia 2021/22 hadi 2024/25. Katika misimu 10 kati ya 2015/16 na 2024/25, bingwa alitetea taji mara nane na kulipoteza mara mbili tu.

Funzo la kwanza ni kwamba kanuni ya soko hudumu kwa muda, kisha hubadilika bila kutoa taarifa. Aliyejifunza biashara ya jezi mwaka 2012 aliamini kuwa timu hizi hupokezana. Aliyeingia mwaka 2020 aliamini kuwa mkubwa habanduki. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa wakati wake, na kila mmoja angepata hasara kama angeishika imani hiyo miaka mitano zaidi.

Funzo la pili ni kutodanganywa na mechi moja. Mei 6, 2012 Simba iliifunga Yanga mabao 5-0. Mtu aliyetoka uwanjani siku hiyo angeapa kuwa Yanga imekwisha, lakini msimu uliofuata bingwa alikuwa Yanga. Novemba 5, 2023 Yanga ililipa kwa kuifunga Simba 5-1, na safari hii mshindi alitwaa ubingwa wa msimu huo na wa uliofuata. Vipigo viwili vya aina moja vilifuatiwa na matokeo mawili tofauti. Watani wa jadi wanapokutana, mechi yao huuza jezi za wiki ile, lakini haitoshi kuwa msingi wa kuagiza mzigo wa mwaka mzima.

Aidha, isisahaulike kwamba nje ya Kariakoo nako kuna mpira. Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa mwaka 1986, Coastal Union ya Tanga mwaka 1988, na Mtibwa Sugar, timu ya wakulima na wasindikaji wa miwa wa Turiani mkoani Morogoro, ikatwaa mara mbili mfululizo, 1999 na 2000. Hata Yanga ilipokuwa imecheza mechi 49 za ligi bila kupoteza, waliomaliza safari hiyo walikuwa Ihefu, Novemba 29, 2022, kwa mabao 2-1 huko Mbarali, katikati ya mashamba ya mpunga.

Dalili huonekana dirishani

Je, kuna namna ya kujua ni lini mkubwa atabanduka? Katika miaka kumi iliyotajwa ubingwa ulihama mara mbili tu, mwaka 2017/18 na mwaka 2021/22. Mara zote mbili dalili zilionekana wakati wa dirisha kubwa la usajili, kabla ligi haijashika kasi.

Mei 2017 Yusuf Manji alijiuzulu uenyekiti wa Yanga. Klabu iliyokuwa imezoea mfadhili ikabaki na bingwa wa mitaji aliyeondoka, na baada ya muda habari zake zikawa za mishahara inayochelewa, hadi katika msimu wa 2018/19 wanachama wakapitishiwa bakuli. Wakati huo huo, ng'ambo ya pili, Simba ilikuwa inanunua. Iliwachukua John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni kutoka Azam, ikamrudisha Emmanuel Okwi, na ikamchukua Haruna Niyonzima kutoka Yanga kwenyewe. Agosti mwaka huo wanachama wa Simba waliridhia mabadiliko ya uendeshaji wa klabu, na Desemba Mohammed Dewji akatangazwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji wa Sh20 bilioni. Msimu ulipomalizika, Simba ilikuwa bingwa.

Mwaka 2021 hadithi ilijirudia, safari hii rangi zikiwa zimebadilishana nafasi. Simba, bingwa wa misimu minne, iliwauza Luis Miquissone kwenda Al Ahly ya Misri na Clatous Chama kwenda RS Berkane ya Morocco. Yanga, huku kampuni ya GSM ikiwa nyuma ya usajili wake, iliwaleta kipa Djigui Diarra, Yannick Bangala, Djuma Shaban, Khalid Aucho na mshambuliaji Fiston Mayele. Yanga ilimaliza msimu wa 2021/22 ikiwa bingwa bila kupoteza mchezo.

Kinachofanana katika miaka hiyo miwili ni kwamba mambo mawili yalitokea kwa pamoja: mmoja alipungua na mwenzake akaongezeka. Jambo moja peke yake halikutosha. Mwaka 2023 Yanga ilimpoteza Mayele aliyekwenda Pyramids ya Misri, na kocha Nasreddine Nabi naye akaondoka. Wengi walidhani ufalme umeanguka. Hata hivyo, Stephane Aziz Ki alifunga mabao 21 katika ligi na Yanga ikatetea taji. Mwaka 2024 Simba ilisuka upya kikosi chake kwa wachezaji wengi wageni, akiwamo Jean Charles Ahoua aliyemaliza akiwa mfungaji bora kwa mabao 16. Simba ilifika hadi fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika Mei 2025, lakini ubingwa wa nyumbani haukuhama, kwa sababu Yanga haikuwa imepungua. Tena ndiyo kwanza ilikuwa imemchukua Chama kutoka kwa mtani wake.

Kwa hiyo muuza jezi anayefuatilia usajili asiulize tu "Simba imemsajili nani?" Aulize maswali mawili kwa pamoja: nani ameongeza, na nani amepunguza? Kama jibu ni kwamba wote wameongeza, au wote wamepunguza, basi historia ya karibuni inampa nafasi kubwa zaidi aliyekuwa bingwa.

Hata hivyo, tahadhari inahitajika. Mara mbili si nyingi. Ni sawa na mkulima anayetaka kujua tabia ya mvua za vuli kwa kutazama miaka miwili tu. Dalili hizo zinasaidia kupima upepo, lakini hazifai kuwekewa dhamana ya nyumba.

Kocha anaondoka, duka lisitikisike

Hakuna habari inayozungumzwa Kariakoo kwa sauti kubwa kama kufukuzwa kwa kocha. Wapo wafanyabiashara ambao wakisikia habari hiyo hupunguza oda papo hapo. Kumbukumbu haziwaungi mkono.

Mataji manne ya Simba ya 2018 hadi 2021 yalipatikana chini ya makocha wanne tofauti: Pierre Lechantre, Patrick Aussems, Sven Vandenbroeck na Didier Gomes. Kila mwaka ulimalizika na mtu mpya kwenye benchi, na kila mwaka kombe likaja. Yanga nayo, katika msimu wa 2024/25 pekee, ilianza na Miguel Gamondi, ikaenda kwa Sead Ramovic, ikamaliza na Miloud Hamdi, na bado ikatwaa taji. Ni kama shamba lenye udongo mzuri na mbolea ya kutosha, ambalo hubadilisha msimamizi na bado likatoa gunia zile zile.

Mambo ya ushirikina nayo yaachwe kando. Si siri kwamba soka la Dar es Salaam limekuwa na watu wanaoamini zaidi "kamati ya ufundi" ya gizani kuliko mazoezi. Mwaka 2003 chama cha soka cha wakati huo, FAT, kilizitoza faini klabu zote mbili kwa vitendo vya aina hiyo kabla ya mechi yao. Ikiwa pande zote mbili zina mganga, mfanyabiashara hana cha kuandika kwenye daftari lake.

Ubashiri sahihi usio na faida

Tuseme sasa mfanyabiashara amesoma dalili vizuri na amemjua bingwa. Je, atatajirika? Hapo ndipo wakulima wanapoweza kumfundisha mwenzao wa mjini.

Kila mkulima wa vitunguu anaijua hadithi hii. Mwaka mmoja bei inapanda. Mwaka unaofuata kila mtu analima vitunguu, vinajaa sokoni, na bei inaanguka. Waliolima walikuwa sahihi kwamba watu wanakula vitunguu. Walichosahau ni kwamba jirani naye alifikiri hivyo hivyo.

Mpira una tofauti moja. Imani ya watu haibadilishi matokeo ya uwanjani, kwa kuwa hata Kariakoo nzima ikiamini Yanga itashinda, mabao hayaongezeki. Lakini imani hiyo inabadilisha kilichomo madukani. Ikiwa kila duka la Mtaa wa Kongo na kila kibanda cha machinga kimejaa kijani na njano, mteja atazunguka maduka matano, atashusha bei kila anapofika, na faida ya kila jezi itakuwa ndogo hata kama timu inashinda kila wiki. Na huenda jezi nyekundu, iliyokwepwa na wote, ikaadimika na kushika bei yake.

Jambo lingine ni kwamba muda wa mauzo hautegemei ubingwa peke yake. Jezi nyingi huuzwa mwanzoni mwa msimu, toleo jipya linapozinduliwa na klabu zinapofanya matamasha yao. Simba Day ilianza mwaka 2009 na kwa miaka mingi imefanyika Agosti 8, siku ile ile ya Nane Nane, sikukuu ya wakulima. Wiki ya Mwananchi ya Yanga ilianza mwaka 2019. Siku hizo hakuna timu iliyopoteza pointi. Shabiki wa kila upande ana matumaini, na kinachouzwa dukani ni matumaini hayo. Matokeo ya uwanjani huanza kuuza au kuua biashara baadaye, kuanzia Oktoba na kuendelea.

Kwa wa mikoani kuna kalenda nyingine iliyo muhimu kuliko ya ligi, nayo ni ya mavuno. Shabiki wa Masasi au Newala anaweza kuitaka jezi tangu Agosti, lakini fedha ataishika minada ya korosho itakapoanza, kwa kawaida Oktoba. Shabiki wa Bariadi ataishika baada ya kuuza pamba katikati ya mwaka. Wa Rukwa na Njombe hutegemea mahindi yatoke shambani na yapate mnunuzi. Muuza jezi anayejua lini fedha inaingia kijijini kwake ana ubashiri bora kuliko anayejua safu ya ushambuliaji ya timu zote mbili.

Hesabu ya jezi 100

Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu, na kila mmoja anaweza kuweka bei za kwake. Tuseme mfanyabiashara ana mtaji wa Sh2 milioni. Jezi moja kwa bei ya jumla ni Sh20,000, hivyo anapata jezi 100. Msimu ukiwa hai anauza Sh30,000, anapata faida ya Sh10,000. Zikibaki hadi toleo jipya litoke, anazitupa kwa Sh12,000, anapata hasara ya Sh8,000 kwa kila moja. Tuseme pia kuwa katika mji wake timu yenye furaha msimu huo huuza jezi 70 na yenye majonzi huuza 30.

Mfanyabiashara wa kwanza anaamini ubashiri wake. Ananunua jezi 80 za timu moja na 20 za nyingine. Akipatia, atauza 70 na 20, zitabaki 10, na atabaki na faida ya Sh820,000 kabla ya nauli, kodi na riba. Akikosea, atauza 30 na 20, zitabaki 50, na faida yote itakuwa Sh100,000. Hiyo haitoshi hata kulipa kodi ya fremu.

Wa pili hataki kubashiri. Ananunua 50 kwa 50. Timu yoyote itakayofurahi, atauza 50 za kwake na 30 za mwenzake, zitabaki 20, na faida yake ni Sh640,000 kila mwaka.

Ukilinganisha hao wawili, utaona kuwa yule wa kwanza anahitaji kupatia angalau mara tatu katika kila mara nne ndipo afikie kipato cha asiyebashiri. Hata akipatia mara nane kati ya kumi, kama ambavyo mtu angepatia kwa kumfuata bingwa mtetezi katika ile misimu 10, wastani wake ni Sh676,000 kwa mwaka. Amemzidi mwenzake kwa Sh36,000 tu, na ili azipate amekubali kwamba katika kila miaka mitano, mmoja utamwacha bila kitu.

Wa tatu anafanya jambo jingine. Anagawa mtaji. Ananunua kwanza jezi 60, yaani 30 kwa 30, anaziuza wakati wa matumaini, na anabaki na Sh800,000 mkononi. Msimu ukishaonyesha unaelekea wapi, anaagiza 40 za timu yenye furaha. Anauza zote 100 na kupata Sh1 milioni. Atoe hata Sh150,000 za safari ya pili na usafirishaji, bado ana Sh850,000. Hata kama bei ya jumla imepanda kwa Sh2,000 kwa kila jezi alizoongeza, anabaki na Sh770,000, ambazo ni zaidi ya za mwenzake wa 50 kwa 50. Hatari yake ni moja, kwamba mzigo unaweza kuisha kwa wauzaji wa jumla, na ndiyo maana uhusiano mzuri na duka la Kariakoo linaloweza kupokea oda kwa simu na kutuma mzigo kwa basi ni sehemu ya mtaji.

Huyu wa tatu hakubashiri zaidi ya wenzake. Alinunua muda wa kuona. Mkulima anayepanda robo ya shamba mvua ya kwanza inaponyesha na kuacha mbegu nyingine ghalani hadi mvua zitulie anaijua akili hiyo.

Mambo ya kuchunga

Kwanza, jina mgongoni ni mzigo wa hatari zaidi kuliko jezi yenyewe. Chama alikuwa kipenzi cha Msimbazi, na Julai 2024 akavaa rangi za Jangwani. Jezi nyekundu yenye jina lake haikuwa na mnunuzi tena upande wowote. Ni salama kuuza jezi isiyo na jina na kuchapa jina mteja akishalipa.

Pili, ratiba inaweza kuhama. Mechi ya watani iliyopangwa Machi 8, 2025 iliahirishwa siku yenyewe na ikachezwa Juni 25, Yanga ikishinda 2-0 na kutwaa ubingwa. Aliyeleta mzigo kwa mkopo akitegemea mauzo ya Machi alisubiri zaidi ya miezi mitatu. Mwaka huo huo, kwa kuwa fainali za CHAN zilichezwa Tanzania, Kenya na Uganda mwezi Agosti, matamasha ya klabu yalisogezwa hadi Septemba. Mkopo wa jezi uwe na nafasi ya kuvumilia mabadiliko ya aina hiyo.

Tatu, jezi halali hutoka kwa mwenye zabuni ya klabu na mawakala wake. Jezi bandia huvutia kwa bei, lakini Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa bandia, na mzigo ukikamatwa hakuna timu itakayoshinda ikurudishie mtaji.

Nne, mtaji wa duka usiingizwe kwenye mkeka wa kubeti. Muuza jezi tayari amebeba hatari ya matokeo. Akiongeza dau kwa timu ile ile aliyojazia dukani, siku ikifungwa atapoteza mara mbili.

Tano, na pengine la maana kuliko yote, ni kuhesabu wateja. Hakuna anayejua kwa hakika bingwa wa mwakani, lakini kila mwenye duka anaweza kujua ni jezi ngapi nyekundu na ngapi za kijani na njano aliuza mwaka jana, mwezi gani, na ngapi zilibaki. Daftari la Sh1,000 linatosha kwa kazi hiyo, na ndilo litakalomwambia cha kuagiza wakati Msimbazi na Jangwani bado wanabishana.